Malaria ambayo mstari hauioni: maswali kutoka Tanga

Nafanya kazi maabara, na Tanga mtu wa maabara huulizwa maswali hata akiwa anajaza upepo baiskeli. Haya machache yanahusu jambo moja: malaria inayojificha.

Mwanangu alitibiwa malaria, akapona kabisa. Baada ya miezi miwili homa ikarudi, zahanati wakapima, hana kitu. Walikosea?

Pengine hawakukosea, mama. Kile kibao cheupe cha kipimo cha haraka kina herufi mbili, C na T. Mstari wa C unasema tu kwamba kipimo kinafanya kazi. Wa T ndio unaozungumzia malaria, na katika vibao vingi unatafuta protini moja inayotolewa na kimelea kimoja, Plasmodium falciparum. Ndicho kinachoua zaidi na ndicho kilichotapakaa nchini, kwa hiyo kukitafuta hicho kwanza ni sawa. Lakini vimelea vingine vya malaria havitoi protini hiyo. Vipo vibao vyenye mstari wa ziada wa kuvinasa, ila vinahitaji vimelea vingi kwenye damu, na hivi vingine kwa kawaida huwa vichache.

Hata hivyo, kipimo kikisema hakuna, usikimbilie duka la dawa. Homa ina wenyewe wengi: nimonia, UTI, hata dengi, ile iliyotutembelea 2019.

Kwani malaria ziko ngapi?

Falciparum unaijua. Vivax huku kwetu ni nadra. Malariae ni ya polepole, homa yake huelekea kurudi kila baada ya saa 72, na inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kelele. Kwa watoto wachache huishia kuharibu figo: uso unavimba, mkojo unatoa povu. Knowlesi ni ya nyani wa Asia ya Kusini Mashariki, tuiache huko.

Ninayotaka uikumbuke ni ovale, iliyopewa jina 1922 na Mwingereza Stephens kwa sababu chembe nyekundu inazoingia mara nyingi huonekana za mviringo wa yai. Ovale ina tabia ya mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo: anasema anapita tu, kumbe keshapanga chumba. Baadhi ya vimelea vyake hulala kwenye ini wiki au miezi, kisha vikaamka na kuingia kwenye damu bila mbu mpya kukuuma.

Nasikia kuna kipimo cha DNA, yaani vinasaba vya kimelea. Kinaonaje kisichoonekana kwa hadubini?

Kwa kunakili. Tone la damu ya kidole linadondoshwa kwenye karatasi nene ya kuchujia, linaachwa likauke vizuri, linatiwa kwenye mfuko wenye vidonge vya kunyonya unyevu. Maabara tunatoboa kiduara kidogo kwenye lile doa na kuitoa DNA iliyomo. Tunaongeza vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa vishike sehemu ya ovale tu, au ya malariae tu. Mashine inapasha joto hadi nyuzijoto 95 hivi, nyuzi mbili zilizosokotwa za DNA zinaachana, inapoza, kila uzi unapata mwenzake. Moja inakuwa mbili, mbili nne. Mizunguko 30 ikienda vizuri, nakala zinapita bilioni. Kunakili huko ndiko kunaitwa PCR.

Mtu mzoefu wa hadubini huanza kuona vimelea vikifika kama 50 kwa mikrolita moja ya damu, na mikrolita ni sehemu ya milioni ya lita. PCR nzuri hukamata hata kimoja au viwili. Ukali huo una gharama yake: chembe iliyorushwa kutoka sampuli ya jirani inaweza kumpa mtu malaria ya karatasi. Ndiyo maana chumba cha kuchanganyia kemikali za kipimo hakikai na mashine, na koti la huku haliendi kule.

Na hiyo ovale ipo kweli Tanzania, au ni ya vitabuni?

Ipo, tena kuliko tulivyodhani. Damu iliyokaushwa ya wanafunzi 3,456 wa mikoa 8, iliyokusanywa 2017, ilipimwa kwa PCR. Falciparum ilikutwa kwa asilimia 22. Ovale, asilimia 24! Malariae ilikuwa asilimia 4, vivax 0.3. Ila usishtuke: asilimia 91 ya wenye ovale walikuwa na vimelea vichache sana. Kuwa na kimelea si lazima uwe mgonjwa.

Dawa mseto, ile ya malaria tunayopewa zahanati, haiiui hiyo ovale?

Inaua vilivyomo kwenye damu, ndiyo maana mtoto anapona. Vilivyolala kwenye ini haivifikii. Dawa ya vya huko ni primakwini, kwa kawaida siku 14, na hiyo si ya kununua kienyeji. Mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, hali ya kurithi ambayo kwetu si ngeni, akiimeza chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka, mkojo ukatoka mweusi kama kahawa chungu. Anapimwa kwanza. Mjamzito hapewi.

Basi nikienda hospitali niombe PCR?

Utarudi mikono mitupu. Kwa sasa hicho ni kipimo cha watafiti zaidi, majibu yake hayasubiriwi kwenye benchi. Omba hadubini, ukiweza wakati homa imepanda. Na mweleze daktari tarehe: homa ya kwanza lini, dawa gani, zilimalizwa zote, ya pili lini. Mama mmoja alinijia na kalenda ya ukutani aliyoichanja kwa kalamu ya risasi kila siku mtoto alipochemka. Daktari aliitazama kabla hajamtazama mtoto.