Si "chochote tu": zawadi ya Krismasi kwa msichana wa miaka 11

Kila ifikapo katikati ya Novemba huanza kupigiwa simu zenye swali moja, swali ambalo huja likiwa na jibu lake ndani. Mtu ananiuliza ampe nini msichana wa miaka 11 anayelelewa na bibi yake huko Kibosho au Old Moshi, mkoani Kilimanjaro, na kabla sijasema neno anajijibu mwenyewe: "Lakini dada, chochote tu kitamfaa, si ni mtoto mhitaji?" Mwaka huu nimeisikia kauli hiyo kwa mwalimu, kwa muuza vifaa vya ujenzi na kwa mzee wa kanisa, na ya mzee wa kanisa ndiyo iliyonikalisha kitako niandike. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na mwisho wa mwaka sehemu ya kazi yangu ni kuwaunganisha wachangiaji na kaya zilizo kwenye orodha ya kata. Kwa mamlaka hayo madogo niliyo nayo nasema kwamba chochote hakimfai. Fedha inapokuwa kidogo ndipo uchaguzi unapotakiwa kuwa makini zaidi, kwa sababu kitu hicho kimoja huenda ndicho pekee atakachopewa hadi Desemba nyingine.

Nimmalize mwanasesere kwanza, maana hastahili aya ndefu. Msichana wa umri huo katika kaya za namna hiyo huchota maji, huosha vyombo na humbeba mdogo wake au binamu yake mgongoni sehemu kubwa ya siku. Ukimpelekea mtoto wa plastiki umemwongezea mtu wa kulea. Wapo wachache wanaompenda mwanasesere hata wakiwa na miaka 12, hasa waliofiwa na wazazi mapema, na sijapata njia ya kuwatambua isipokuwa kuwauliza. Basi waulizwe. Vibanio vya nywele na rasta navyo viachwe mpaka ujue anasoma wapi, kwa kuwa shule nyingi za msingi za serikali huwataka wasichana wanyoe, na kumpa kibanio mtoto mwenye upara ni mzaha ambao hakuomba kutaniwa.

Sasa nije kwenye linalonikera hasa. Mchangiaji akishaambiwa kwamba mwanasesere hafai, huruka moja kwa moja hadi ng'ambo ya pili na kuamua kwamba msichana apewe taulo za kike. Huzifunga kwa karatasi yenye nyota na kengele, huandika jina la mtoto juu yake kwa wino mzito, kisha kifurushi hufunguliwa mbele ya usharika mzima huku wavulana wa darasa lake wakiwa wameketi mstari wa pili. Nikilalamika huambiwa kwamba hedhi si aibu. Ni kweli kwamba si aibu, na mimi mwenyewe huwafundisha wazazi hivyo, lakini anayetakiwa kuithibitisha kweli hiyo mbele ya kadamnasi asiwe mtoto wa darasa la tano ambaye pengine hata hajavunja ungo.

Sibishani juu ya hitaji lenyewe. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha kwa hoja kwamba bei madukani haikumshukia mnunuzi. Tangu hapo bibi anayeishi kwa kuuza ndizi anaendelea kuchagua kati ya pakiti na kilo ya sukari. Ila pakiti moja ya vipande 8 kwa wasichana wengi haitoshi hata hedhi moja, kwa hiyo anayeipeleka Desemba na kutoonekana tena hadi Desemba ijayo hajatatua jambo. Taulo za kufua zinadumu zaidi na kwa hesabu ya mwaka ni nafuu, lakini zinadai maji, sabuni na kamba ya kuanikia juani, na msichana anayelala chumba kimoja na wajomba atazificha chini ya godoro zikiwa mbichi. Kabla ya kuzinunua mtu aulize zitaanikwa wapi. Swali hilo dogo sijawahi kulisikia kutoka kwa mchangiaji hata mmoja.

Hapo pia nina shaka ambayo sijaimaliza. Miongozo hutushauri tumwandae msichana mapema, na kwa kuwa wapo wanaoanza wakiwa na miaka 10 na wengine hawajaanza wakiwa na 14, mapema hiyo huangukia watoto ambao bado wanaruka kamba. Nimeona wengine wakipokea maelezo kwa utulivu, na wengine wakiogopa kwa wiki kadhaa kwamba kuna ugonjwa unawajia. Mimi huikabidhi pakiti kwa bibi au shangazi na kumwachia yeye apime wakati, ingawa najua wapo mabibi ambao hawatalisema jambo hilo kamwe, na mtoto atakuja kulijua chooni shuleni. Kama kuna njia isiyo na hasara upande wowote, bado sijaiona.

Msimamo wangu, kwa hiyo, ni kwamba hitaji na zawadi ni mizigo miwili inayopita milango tofauti. Hitaji humwendea mlezi bila karatasi ya maua, bila jina na bila hotuba. Zawadi humwendea mtoto. Mwenye elfu 20 namshauri atenge elfu 5 kwa hitaji na elfu 15 kwa zawadi, na wenzangu kadhaa kazini hunitazama kana kwamba nimetukana, kwa maana wao wangegawa kinyume. Sina takwimu za kuwashinda. Ninachojua ni kwamba watoto hawa huhudumiwa mwaka mzima kama orodha ya upungufu, na siku moja katika mwaka wanaweza kupewa kitu kwa sababu tu wangekipenda.

Nguo ndiyo inayovuruga mgawanyo wangu huu mzuri. Huku kwetu Kilimanjaro nguo ya sikukuu ni hitaji na zawadi kwa pamoja, na asiyelielewa hilo hajawahi kuwa hapa Desemba. Wachaga hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, mabasi hujaa, migomba hupunguzwa majani, mbuzi huchinjwa, na binamu hushuka garini wakiwa na viatu vinavyowaka taa. Asubuhi ya tarehe 25 watoto wote hutembea barabara moja kwenda kanisani. Msichana asiye na nguo mpya husingizia kuumwa tumbo asubuhi hiyo, akabaki nyumbani na sufuria. Kwa hiyo gauni naliita zawadi bila kusita, mradi liwe gauni la kumtosha yeye.

Na hapo ndipo watu hukosea kwa namna ileile kila mwaka. Orodha inasema "wa kike, miaka 11", na mchangiaji anakwenda soko la mitumba la Memorial mjini Moshi kutafuta gauni lenye kibandiko cha miaka 11, akasahau kwamba kibandiko hicho kilishonwa kwa ajili ya mtoto wa Ulaya au Marekani aliyelishwa maziwa na nyama tangu utotoni. Wasichana wawili wa miaka 11 ninaowahudumia katika mtaa mmoja wanatofautiana kiasi kwamba mmoja angeweza kuvaa nguo za mwingine kama koti. Zaidi ya urefu, huu ndio umri ambao kifua huanza kutokeza, na gauni linalobana hapo halitavaliwa, hata liwe na urembo wa namna gani. Litakunjwa na kupewa mdogo wake, na mtoto hatasema sababu. Vipimo vitatu vinatosha: mzunguko wa kifua, kiuno, na urefu kutoka begani hadi chini ya goti. Mtu wa kumpima ni mama au dada wa jirani, kwa uzi kama futi haipo, na mafundo kwenye uzi huo ni sahihi kuliko umri wowote ulioandikwa kwenye fomu.

Mtumba wa daraja la kwanza hauna ubaya wowote, na wanaodai kwamba ni dharau kwa maskini nawaomba watazame mashati yao wenyewe. Nguo za ndani ni habari nyingine: Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, zinauzwa hata hivyo, na mtu anayemnunulia mtoto wa mwenzake chupi iliyovaliwa anajua anachokifanya. Mpya ni rahisi. Ukiweza, mshonee gauni la kitenge, na mwambie fundi aache mshono mpana ubavuni na upindo wa kutosha chini ili mwakani liachiwe. Kitambaa kifike kwa fundi Novemba. Fundi wa Desemba huapa kwa jina la mama yake kwamba nguo itakuwa tayari Jumatatu, na Jumatatu hiyo huikuta ikiwa bado kipande juu ya cherehani.

Vifaa vya shule nitavipita haraka, kwa kuwa kila mtu anavijua. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 haikumnunulia mtoto sare, madaftari wala viatu, kwa hiyo begi ni jambo la maana, ila vuta zipu yake mara nyingi ukiwa bado dukani na uitazame mishono ya mikanda, maana mabegi mengi ya bei ya chini hufa kabla ya Pasaka. Aliyemaliza darasa la saba Septemba asinunuliwe sketi ya bluu ya shule ya msingi. Nimeona watu wazima wenye elimu wakifanya hivyo. Huyo anangoja kidato cha kwanza, ambako masomo hubadilika ghafla kuwa ya Kiingereza, na kamusi ya lugha mbili itamfaa mno. Kwa aliyeko darasa la tano, kitabu cha hadithi kiwe cha Kiswahili, kwa sababu anataka kusoma kwa raha wala hajaomba mtihani mwingine.

Jambo ambalo vitabu vyetu vya kazi hulikwepa ni kwamba zawadi haimfikii mtu mmoja. Nyumba ya bibi ina wajukuu wanne au watano, na kitu kizuri kikiingia huwa cha wote kwa siku mbili, kisha huwa cha mwenye nguvu. Sehemu ya hilo ni malezi mema, kwani watoto wanapaswa kushirikiana. Sehemu nyingine ni unyang'anyi wa kawaida, na binti wa miaka 11 ndiye hupoteza zaidi, kwa kuwa ameshafundishwa kwamba yeye ni mama mdogo wa nyumba na mama hujinyima. Ninachofanya ni kuomba mchangiaji aongeze pakiti ya biskuti ya kugawana, iwe na maelezo kwamba ni ya wote, ili ile nyingine iweze kusemwa kwamba ni yake.

Zawadi ninayoipenda kuliko zote imetokana na tatizo hilo. Ni kasha dogo la bati lenye kufuli na funguo mbili, la namna ambayo mafundi bati hutengeneza kutokana na mabaki ya matranka ya shule, na ukipatana na fundi vizuri halimalizi ile elfu 15. Ndani anaweka mwenyewe anachotaka: barua, bangili, sarafu, picha ya marehemu mama yake, na baadaye pakiti ile tuliyoizungumzia, bila mjomba kuiona. Wako walezi wanaolichukia, wakiuliza mtoto ana siri gani ya kufungia kufuli katika nyumba yao, na swali hilo si la kijinga hata kidogo, hasa kwa bibi anayeogopa simu za kuhongwa na wanaume wa bodaboda. Hukubaliana naye kwamba ufunguo wa pili ukae kwake. Mtoto akijua kwamba bibi ana ufunguo, sijui ni faragha kiasi gani inayobaki, lakini naona nusu hiyo inatosha kuanzia.

Picha sitaijadili. Mtoto asipigwe picha akipokea, na mwenye kuitaka kwa ajili ya ripoti apige risiti.

Limebaki swali la mwenye elfu 5 pekee, na ndiye huniuliza kwa unyenyekevu kuliko matajiri. Nunua kaunta buku ya quire 2, daftari nene lenye jalada gumu, kalamu mbili za rangi tofauti, na stika chache kama chenji imebaki. Wasichana wa umri huu hunakili mashairi ya nyimbo, huchora magauni, huandika majina ya marafiki na kuyafuta wakigombana, na daftari la shule linalokaguliwa na mwalimu haliwapi nafasi hiyo. Andika jina lake ukurasa wa kwanza, kwa hati nzuri na herufi sahihi, kwa kuwa majina yao hukosewa katika orodha zetu. Kisha siku ya kulipeleka mwambie bibi waziwazi, mtoto akisikia, kwamba buku hilo si la kuandikia hesabu za kikoba.