Wazee wa Kichina Marekani: maswali kuhusu afya, familia na kuonewa

Mimi ni muuguzi. Wagonjwa wangu wengi ni wazee wa upande wa kusini wa Chicago, mtaa wa Wachina na Bridgeport jirani yake. Waswahili wenzangu wengi huku mmeajiriwa kutunza wazee majumbani, na baadhi yenu mmepangiwa nyumba za Wachina. Maswali haya mmeniuliza ninyi, kwa simu au tukipishana zamu. Nimeamua kuyajibu kwa maandishi kwa sababu kuna jambo limenichosha kuliona: mzee kuletwa siku ya nne kwa tatizo ambalo siku ya kwanza lingetibika.

Wazee hawa walifikaje Marekani?

Sheria ya 1882 ilizuia vibarua wa Kichina kuingia. Ilipofutwa mwaka 1943, nafasi zilizotolewa kwa Wachina zilikuwa 105 tu kwa mwaka. Mlango ulifunguka kwa sheria ya 1965, iliyoruhusu watu kuleta ndugu zao, na mzazi wa raia mtu mzima hahesabiwi kwenye kikomo cha viza za kila mwaka. Ndiyo maana wengi wamekuja wakiwa na miaka sitini au sabini, wameitwa na mtoto, na mara nyingi kuna wajukuu wa kulea. Hawajui Kiingereza, hawaendeshi gari, na wengine hata kodi ya nyumba wanayoishi hawaijui ni kiasi gani.

Kuonewa kwa mzee ni kufanya nini hasa?

Kupigwa au kusukumwa. Kutukanwa, kutishwa, kudhalilishwa. Kuingiliwa kimwili. Kuchukuliwa fedha au mali. Kutelekezwa: kunyimwa chakula, dawa, usafi au matibabu na mtu aliyekubali kumtunza.

Wachina wana neno lao, *leng baoli*, yaani ukatili wa baridi. Watu wanaishi nyumba moja na mzee na hawamsemeshi kwa wiki nzima. Chakula kinawekwa mlangoni, mjukuu anakatazwa kuingia chumbani kwake. Wazee wengi wameniambia hilo linauma kuliko kofi.

Ni wengi kweli, au unakuza mambo?

Utafiti mkubwa uliofanywa hapa Chicago kuanzia 2011, ukiitwa PINE na kuongozwa na Dk. XinQi Dong, ulihoji Wachina zaidi ya 3,000 wenye miaka 60 na kuendelea. Waliosema wametendewa vibaya walikuwa kati ya asilimia 14 na 26, kutegemea kipimo kilichotumika. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba mzee 1 kati ya 6 duniani hutendewa vibaya ndani ya mwaka mmoja. Wachina basi hawana ukatili wa pekee yao. Ila mzee asiyejua lugha ya nchi ana milango michache ya kutokea.

Lakini Wachina si wanasifika kwa kuheshimu wazazi?

Wanasifika, na ni kweli. Heshima hiyo wanaiita *xiao*, na watoto wengi ninaowaona wanaibeba kwa mikono miwili: wanalipa, wanapika, wanaosha. China yenyewe ilirekebisha sheria ya wazee, ikaanza kutumika Julai 2013, inayowataka watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi wao mara kwa mara.

Lakini heshima hiyohiyo inamfunga mama mdomo. Akisema mwanangu ananitesa, masikioni mwake anasikia: nimeshindwa kulea. Wana msemo, *jia chou bu ke wai yang*, aibu ya nyumbani haitolewi nje. Sisi wa pwani tuliolelewa kufunika mambo ya ndani tunauelewa bila kutafsiriwa. Ndiyo maana mzee wa Kichina akikuambia "sijambo", andika kwamba amesema hajambo, kisha endelea kumwangalia.

Mzee ninayemtunza hajapigwa. Sasa nitoe taarifa ya nini?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na kila nikilisikia najua kuna mtu anangoja damu.

Usingoje damu. Nimepokea wazee wasio na mchubuko hata mmoja ambao tulichelewa kuwaokoa. Ulimi umekauka kama gome, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kidonda cha kulalia kimechimba kiunoni hadi mfupa unaonekana. Kidonda kama hicho kina historia ya siku nyingi. Kinaanza na wekundu ambao hauondoki ukibonyeza, au kwenye ngozi nyeusi sehemu ngumu yenye joto, na siku hiyo kinahitaji tu mtu wa kumgeuza kila baada ya saa chache. Walioishi naye waliona. Waliona, wakasema ni uzee.

Kutelekezwa ni kuonewa. Mzee aliyekonda ghafla, anayenuka mkojo kila siku, ambaye dawa zake za presha hazijaguswa tangu mwezi uliopita, ametendewa vibaya hata kama hakuna aliyemnyanyulia mkono.

Nimeona duara nyekundu na mistari mgongoni. Ni kipigo?

Huenda ni tiba. Duara zilizopangika ni za kuumikwa kwa vikombe, kama chuku au hijama yetu. Mistari mirefu inayofuata mbavu au shingo ni *gua sha*, kukwaruzwa ngozi iliyopakwa mafuta. Uliza kabla ya kushtaki. Alama za vidole mkononi, michubuko ya ndani ya mapaja, masikioni au kwenye nyayo hazina uhusiano na tiba hiyo.

Ukishauliza hilo, uliza na mitishamba. *Danshen* na *danggui* huongeza nguvu ya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mzee anaweza kuvuja damu ndani. Mwambie daktari anachokunywa bila kumdhihaki mzee. Akidhihakiwa mara moja, mara ya pili anaficha.

Mwanawe anajua Kiingereza vizuri. Mkalimani wa nini?

Tafadhali. Mtu anayemlisha mzee, anayeshika fedha zake na kumleta kliniki ndiye huyohuyo anayeniambia mzee anasemaje? Nimewahi kumsikia mama akizungumza dakika mbili nzima, kisha mwana akanigeukia na kusema, "Anasema yuko sawa."

Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kutoa mkalimani, na mzee halipi. Taja lugha yenyewe. Usiseme "Kichina" ukaishia hapo. Wazee wengi wa mtaa huu wanatoka Taishan, kusini mwa China, na anayezungumza Kitaishan anaweza asimwelewe kabisa mkalimani wa Kimandarini, lugha rasmi ya China, ila ataitikia kwa kichwa kwa adabu. Mwana aombwe kwa heshima akakae nje kidogo. Na mjukuu wa miaka kumi asitumwe kutafsiri habari za mkojo na damu za bibi yake.

Ameanguka bafuni. Familia inasema tumuangalie hadi kesho. Nifanye nini?

Piga 911.

Najua wamekwambia ni mambo ya familia. Najua mwenyewe amesema asisumbuliwe mtu. Piga 911. Kama mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, nyonga imevunjika, na kila siku anayolala bila kutibiwa inamsogeza kwenye nimonia na kuganda kwa damu. Kama amegonga kichwa na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, aende hata akiwa anacheka. Kama mdomo umepinda au mkono hauinuki, hicho ni kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya takribani saa nne na nusu tangu dalili zianze, na hapo bado hujahesabu safari na kipimo cha kichwa.

Na kama tangu asubuhi amechanganyikiwa, anaita watu wasiokuwepo, wakati jana alikuwa anacheza mahjong vizuri? Huo pia si uzee. Uzee hauji usiku mmoja. Tafuta maambukizi, ukosefu wa maji, dawa zilizozidi. Leo.

Niliwahi kumpokea mama wa miaka themanini na kitu aliyekaa sakafuni na kisha kitandani siku tatu na nyonga iliyovunjika. Nyumba ilikuwa na watu wazima wanne. Hakuna aliyemchukia. Kila mmoja alimngoja mwenzake aamue.

Wanasema hana bima.

Sheria ya Marekani ya 1986 inazilazimu idara za dharura za hospitali zilizo kwenye Medicare (bima ya serikali ya wazee), yaani karibu zote, kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kujali kama ana fedha. Kuhusu bima yenyewe, hofu ina msingi. Sheria ya 1996 iliwafungia wahamiaji wapya wengi malipo ya SSI, yaani posho ya serikali kwa wazee na walemavu wa kipato kidogo, na Medicaid ya kawaida, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mara nyingi wanaingojea miaka 5. Aliyefikisha miaka 65 na kuishi miaka 5 mfululizo akiwa mkaazi wa kudumu anaweza kununua Medicare hata kama hajawahi kuajiriwa huku. Majimbo yanatofautiana, kwa hiyo muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Bili hujadiliwa baadaye, nyonga haingoji.

Mkwewe humtishia kumrudisha China. Anaweza?

Hawezi. Aliyekwisha kupewa ukaazi wa kudumu hanyang'anywi na mwanawe wala mkwewe; aliyemdhamini hana mamlaka hayo. Kushikilia pasipoti yake na kadi yake ya ukaazi ili anyamaze ni dalili ya kuonewa, na ni moja ya zile ninazotaka mnipigie simu mapema.

Nikitoa taarifa si nitavunja nyumba ya watu?

Kila jimbo lina idara ya ulinzi wa watu wazima. Hapa Illinois, jimbo letu, simu yake ni 1-866-800-1409, na popote Marekani unaweza kuanza na Eldercare Locator, 1-800-677-1116. Huhitaji ushahidi, ukiwa na shaka ya kweli inatosha. Anakuja ofisa, anazungumza na mzee, na mzee mwenye akili timamu anaweza kukataa msaada. Mara nyingi kinacholetwa ni mtunzaji wa saa za ziada, chakula, au mtu wa kusimamia fedha. Katika majimbo mengi sheria inatutaka sisi wauguzi na watunzaji tutoe taarifa, kwa hiyo ukimya wako unaweza kukugharimu kazi.

Na familia nyingi ninazoziona zimechoka, hazina nia mbaya. Mkwe ameshinda kazini mgahawani kwa muda wa saa kumi na mbili, anarudi kumkuta mzee amejichafua na watoto hawajala. Huyo anahitaji kupokewa mzigo kabla hajapandisha sauti. Mtaani kwetu Chinese American Service League, lililoanzishwa 1978, lina huduma ya mchana kwa wazee wanaozungumza Kichina. Mzee anapata wenzake wa kuzungumza nao, nyumba inapumua. Mzee anayekaa peke yake hatakuambia ana huzuni. Atakuambia kifua kinabana, kichwa kinauma, halali usiku. Akianza kusema ni mzigo kwa watoto wake na bora asiwepo, simu ni 988, ya msaada kwa anayefikiria kujiua, na wana wakalimani.

Nimuulize vipi bila kumuaibisha?

Usimuulize kama ananyanyaswa. Atakataa. Mkiwa wawili tu, na mkalimani kwenye simu, muulize mambo ya kila siku. Jana ulikula nini, na nani alipika? Dawa zako nani anazinunua? Kitabu cha benki kinakaa wapi? Mara ya mwisho kutoka nje ilikuwa lini? Kisha muulize: bibi, ukizidiwa usiku, unamwita nani?

Akijibu jina haraka, shukuru, endelea na kazi yako. Akitazama mlango kwanza, piga simu siku hiyohiyo, kabla zamu yako haijaisha.