Acheni kumwombea mchoraji wa mafuvu

Picha yenye fuvu ikionekana popote, haikosi wa kuuliza: huyu mchoraji anaumwa? Anapenda kifo? Uvumilivu wangu umekwisha. Tazameni picha, hasa pale pasipo na mifupa.

Chukueni michongo ya mbao ya Mjerumani Hans Holbein Mdogo kuhusu Mauti, iliyochapishwa Lyon mwaka 1538. Kila mmoja una kama sentimita 6 na nusu kwa 5, mdogo kuliko kiganja. Mle Mauti ni mifupa inayotembea, hana mbawa wala moshi. Anamvuta mkono mchuuzi mwenye mzigo mgongoni, naye mchuuzi anamwonyesha kwa kidole njia anayotaka kupita, maana ana biashara zake. Kwa mkulima anachapa farasi wa plau kama kibarua mwenye bidii. Ondoa mzigo na plau, kinachobaki ni somo la anatomia. Kinachotia baridi ni kwamba kazi za siku zinaendelea.

Catrina, fuvu la kike la Mmexico José Guadalupe Posada, ndiye anayeniudhi zaidi, yaani wanavyomfanya. Leo anavaliwa kana kwamba ni malkia wa kuzimu. Posada, aliyefariki 1913, alimchora kwenye bamba la zinki bila mwili: kichwa na kofia kubwa yenye manyoya, basi. Gauni alipewa na mchoraji mwenzake wa Mexico, Diego Rivera, kwenye mchoro wa ukutani wa 1947. Aliyekuwa anachekwa ni Mmexico anayejitia Uzungu na mfukoni hana kitu. Kejeli yote imekaa kwenye kofia. Mvue, umebaki na fuvu la mtu yeyote.

Kwa wanaotaka kuchora: matundu ya macho si duara. Yana umbo la mraba uliolegea, kona za nje zikishuka. Mstari wa macho upite katikati ya urefu wa kichwa. Wengi huupandisha, paji likapotea. Kisha wanaongeza tabasamu! Fuvu halina midomo, meno yako nje saa zote, linacheka hata msibani. Hisia zitoke shingoni, mabegani na vidoleni: inamisha kichwa kidogo tu, tayari lina dharau. Damu, popo na usiku mweusi viacheni. Vinamnong'oneza mtazamaji kwamba haya ni ya hadithini, naye anashusha pumzi. Anzeni na meza, foleni, risiti, mchore kwa usahihi wa kuchosha. Mifupa iingie mwisho. Wachonga mbao, kumbukeni chapa hugeuza kushoto kuwa kulia, la sivyo karani wenu ataandika kwa mkono wa kushoto.

James Ensor, mchoraji wa Ubelgiji, alilielewa hili: mwaka 1891 alichora viunzi viwili vya mifupa viking'ang'ania samaki mmoja mkavu kwa meno. Ugomvi wa ofisi yoyote.

Kwa Goya, mchoraji wa Hispania, nakwama. Mfululizo wake wa maafa ya vita, mabamba 80 yaliyochapishwa 1863, miaka 35 baada ya kifo chake, hauna kofia ya kuchekea. Maiti ni maiti. Katika bamba la 36 askari ameegemea kiwiko, katulia, anamtazama mtu aliyenyongwa. Ningeweza kudai kwamba mkao ule wa mapumziko ndio kichekesho kichungu, na kanuni yangu ya kutazama pale pasipo na mifupa ikasimama. Naona nitakuwa ninailazimisha.