Jina la bini halibahatishwi: lisome kwenye logi

Vijana wanaoanza kazi za Java ya seva hapa Unguja huniletea swali lile lile, pamoja na picha ya skrini yenye neno NameNotFoundException, yaani kosa la jina lisilopatikana. Wamekuta mtandaoni jina la kutafutia bini (EJB, kipande cha programu ya Java kinachoendeshwa na seva), wakalibandika, seva ikawakatalia. Jawabu langu halibadiliki: usilibahatishe wala usiliazime. Seva yako imeshalitaja yenyewe kwenye logi, yaani kumbukumbu inayoiandika ikifanya kazi.

Tuseme tunajenga mfumo wa tiketi za boti za Unguja na Pemba. Programu nzima ni tiketi.ear (ear ni faili linalofunga programu yote), ndani yake mna moduli safari.jar, na humo mna klasi ya SafariBean inayotekeleza kiolesura cha tz.tiketi.Safari. Jina lake kamili ni hili:

java:global/tiketi/safari/SafariBean!tz.tiketi.Safari

Lisome kama unavyoelekezwa nyumba Mji Mkongwe: mtaa, kisha uchochoro, ndipo mlango. Programu, moduli, bini; baada ya alama ya mshangao ni kiolesura, na pakeji yake yote. Bini yenye kiolesura kimoja tu hukuruhusu kuiacha sehemu hiyo ya mwisho. Ukipakia war (faili la programu ya wavuti) peke yake bila ear, jina la programu halimo kabisa.

Mpangilio huu ulikuja na Java EE 6, toleo la kiwango cha Java ya seva, Desemba 2009. Kabla ya hapo kila seva ilikuwa na desturi yake. JBoss ya zama hizo, seva ambayo baadaye ikaitwa WildFly, ingekupa tiketi/SafariBean/remote. Majibu ya wakati ule bado yamejaa mtandaoni, na khasa hayo ndiyo yanayowapoteza wageni.

Basi fungua logi. WildFly ikipakia bini huorodhesha majina yake yote chini ya mstari wenye WFLYEJB0473. GlassFish, seva nyengine, nayo huyaandika. Kama logi imeshapita, kwenye jboss-cli, zana ya amri ya WildFly, andika /subsystem=naming:jndi-view, na kwa GlassFish andika asadmin list-jndi-entries.

Mtego unaonikera zaidi ni wa Maven, zana ya kujengea programu za Java. Moduli isipopewa jina huchukua jina la faili, na Maven hupenda kuweka namba ya toleo humo. Leo moduli ni safari-1.4, kesho ni safari-1.5, na kila msimbo uliotaja jina la zamani unaanguka bila mtu kugusa hata mstari mmoja wa Java. Andika module-name ndani ya ejb-jar.xml, au web.xml kwa war, na application-name ndani ya application.xml. Toka hapo jina ni lako, faili liitweje liitwavyo.

Mteja aliye nje ya seva, yaani programu nyengine inayoiita bini, ni habari nyengine. Kwenye WildFly java:global haimfikii. Yeye hutumia ejb:tiketi/safari/SafariBean!tz.tiketi.Safari, na kiolesura lazima kiwe na alama ya @Remote. Pasipo ear, mkwaju (/) wa mwanzo hubaki: ejb:/safari/SafariBean na kuendelea. Bini inayotunza hali ya mteja kati ya mwito na mwito huongezewa ?stateful mwishoni.

Na mnaohamia Jakarta EE 9, jina jipya la Java EE: javax.ejb inageuka jakarta.ejb, lakini javax.naming msiiguse, maana ni ya Java yenyewe. Majina ya java:global nayo yanabaki vile vile.