Kipimo cha jeni kwa mwenye kansa ya tezi dume, ndo kitu gani?

Juzi baada ya lasiri tupo barazani hapa Wete ikazuka mada, mzee mmoja wa mtaani kakutwa na kansa ya tezi dume imeshaingia kwenye mifupa, na daktari kawaambia wanawe afanyiwe kipimo cha jeni. Mmoja wetu kasikia jini akauliza, kwani hospitali siku hizi wanapunga? Tulicheka sana lakini suali lake la msingi, jeni ya nini tena na maradhi yashajulikana?

Kwanza tezi dume si busha wala mshipa, ni kijitezi kilichopo chini ya kibofu cha mkojo na kila mwanamme anacho. Pili, PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, si kipimo cha jeni (jeni ni yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi). PSA inaangalia hiyo tezi ina hali gani leo, jeni inaangalia umezaliwa na nini.

Kansa yoyote inatokana na jeni zilizoharibika, ila nyingi zinaharibikia ukubwani na hapo hapo kwenye tezi tu. Chukulia mkarafuu, tawi moja limekauka, lakini ukiotesha mbegu zake miche inatoka mizima. Sasa kuna wachache ambao kasoro ipo kwenye mbegu yenyewe, wamezaliwa nayo, imo kila pahala mwilini. Hicho kipimo cha urithi kinaitafuta hii ya mbegu, ndo maana hukatwi kinyama cha tezi, inatosha damu au hata mate. (Kipo kingine kinachopima jeni za uvimbe wenyewe, watu wanavichanganya, uliza unapimwa kipi.)

Jeni inayotajwa zaidi ni BRCA2, halafu zipo BRCA1, ATM, CHEK2, PALB2. Hizi ni mafundi, DNA (uzi ulioandikwa jeni zetu) ikikatika wao ndo wanaunga, sasa fundi akiwa mbovu makosa yanarundikana mpaka inakuwa kansa. Utafiti wa 2016 uliwatazama wanaume ambao kansa yao ya tezi dume imeshasambaa, karibu 12 katika kila 100 walikuwa wamerithi kasoro kwenye jeni za namna hii. Ambao haijasambaa ni chini ya 5.

Faida kwa mgonjwa ni dawa, maana ikionekana kasoro kama ya BRCA2 zipo dawa zinazolenga udhaifu huo huo, mfano olaparib, Marekani waliiruhusu kwa kansa ya tezi dume 2020.

Faida nyengine ni ya watoto na hapa ndo watu wanapopotea. Kila mtoto, mwanamme kwa mwanamke, ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Mtoto wa kike hana tezi dume lakini BRCA2 hiyo hiyo kwake inaongeza hatari ya kansa ya maziwa na ya ovari (vifuko vya mayai ya uzazi), na sisi tumezoea kuona kansa ya maziwa inatoka kwa mama tu. Siyo! Kwa hiyo daktari akikuuliza habari za ukoo usimtajie baba na ami peke yao, mtaje na shangazi aliyekufa kwa maradhi ya ziwa. Na kurithi si kuugua, wapo wanaobeba mpaka wanazeeka salama, ila mwanamme mwenye BRCA2 hushauriwa aanze kupima PSA kila mwaka tangu miaka 40.

Majibu yanaweza kuwa ipo, haipo, au kuna badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Hili la tatu linatupata zaidi sisi wenye asili ya Afrika kwa sababu data nyingi zilizokusanywa ni za Wazungu, na jibu hilo halitoshi kubadilishia matibabu, usije ukaenda kuutisha ukoo mzima.

Wazee wengine wanakataa, wanasema itajulikana na wasichana hawataolewa. Nnawafahamu, ila majibu ni siri ya mgonjwa, hayaendi kupewa sheha. Halafu ni bora aanze yeye mgonjwa, maana kwake ikionekana kasoro wanawe wanatafutiwa hiyo hiyo moja tu na asokuwa nayo anapumua, lakini ukianza na mtoto asoumwa ukakuta hamna kitu, hujui yeye ndo hakurithi au kwenye ukoo haikuwepo tokea mwanzo.