Je, wajua nyota nyeusi ya bendera ya Ghana ina asili ya meli?

Mpenzi yeyote wa soka la Afrika anaijua timu ya taifa ya Ghana kwa jina la Black Stars, yaani Nyota Nyeusi. Nyota hiyo ndiyo iliyo katikati ya bendera yao, na chimbuko lake ni kampuni ya meli iliyozaliwa ng'ambo ya Atlantiki.

Mwaka 1919 Marcus Garvey, Mjamaika aliyekuwa akiishi New York, alianzisha kampuni ya Black Star Line. Siku hizo White Star Line ya Uingereza, iliyomiliki Titanic, ilikuwa ikitamba baharini. Nyota yao ilikuwa nyeupe. Garvey akaja na nyeusi. Watu weusi wa kipato cha chini walichanga kwa kununua hisa za dola 5, wakitamani vyombo vyao wenyewe vya kuwaunganisha na Afrika. Kwa bahati mbaya meli zilizonunuliwa zilikuwa chakavu, tena kwa bei ya kuruka, na usimamizi ulikuwa dhaifu. Kufikia 1922 kampuni ilikuwa imekufa. Hakuna meli yake hata moja iliyotia nanga Afrika.

Nyota ilifika miaka 35 baadaye. Kwame Nkrumah, aliyekwenda kusoma Marekani mwaka 1935, aliandika mwenyewe kwamba hakuna maandishi yaliyomwasha moyo kama ya Garvey. Koloni la Gold Coast lilipojitawala tarehe 6 Machi 1957 na kuitwa Ghana, bendera ya Waingereza yenye picha ya tembo ilishushwa, ikapanda ya Theodosia Okoh, mwalimu na msanii. Hata shirika la meli la taifa hilo jipya lilipewa jina la Black Star Line!

Okoh alitumia rangi za Ethiopia, nchi iliyowashinda Waitaliano huko Adwa mwaka 1896. Kijani ni misitu na mashamba, dhahabu ni madini yaliyoipa nchi jina lake la kikoloni, na nyekundu ni damu ya waliokufa wakipigania uhuru. Damu hiyo ilimwagika kweli. Tarehe 28 Februari 1948, askari wastaafu waliopigana Burma upande wa Uingereza waliandamana Accra kumpelekea gavana malalamiko yao. Polisi wakafyatua risasi. Sajenti Adjetey, Koplo Attipoe na Private Odartey Lamptey wakafa palepale. Nami kila nikiuona ule mstari mwekundu nawakumbuka hao watatu.

Mwaka 1964, Ghana ilipokuwa nchi ya chama kimoja, dhahabu iliondolewa na kuwekwa nyeupe ili bendera ifanane na rangi za chama cha Nkrumah, CPP. Nkrumah alipinduliwa Februari 1966, na mwezi huohuo dhahabu ikarudishwa. Okoh aliishi kuyaona yote hayo. Alifariki mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 92.