Ulezi haushikani? Tatizo ni maji baridi

Wengi huamini kwamba unga wa ulezi (Kenya huuita wimbi) hautoi chapati bila kuchanganywa na ngano, kwa kuwa hauna gluteni, ile protini ya ngano inayoshikanisha donge. Kwamba hauna gluteni, ni kweli. Kwamba hautoi mkate bapa, si kweli: huko Karnataka, kusini mwa India, ragi roti hupikwa kwa ulezi mtupu, na jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, wana mkate bapa wao, bhakri ya nachni; nachni ni ulezi huohuo.

Siri ni maji ya moto. Chemsha kikombe kimoja cha maji na chumvi, mwagia kikombe kimoja cha unga, zima moto, funika dakika tano. Joto huivisha wanga na kuufanya unate. Huo ndio unaoshika mahali pa gluteni. Kisha kanda ungali na uvuguvugu, mkono umelowa, mpaka donge liache kupasuka ukilibonyeza. Likipasuka, nyunyiza maji kidogo, usiongeze unga.

Sasa usichukue kile kifimbo cha chapati. Karnataka hutandaza kwa vidole juu ya jani la mgomba lililopakwa mafuta, mara nyingi donge likiwa na kitunguu, pilipili mbichi na kotmiri. Jani hugeuzwa juu ya kikaango, likilegea hubanduliwa.

Lakini usitarajie tabaka wala ulaini wa chapati ya ngano. Huu ni mkate mzito, una harufu ya uji, na ukipoa hukakamaa. Ule ungali moto, na chatne ya nazi.